Kuvu ya Upepeo wa Bahari: Uchambuzi wa Kisa cha Mshtakiwa Anayetegemewa Kutoa Dawa

Upepeo wa bahari ni tumbawe, ingawa anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani ni mmea. Spishi inayohusika na kisa hiki, Gorgonia ventalina, huishi katika miamba ya Bahari ya Karibi, na umbo lake halitofautiani sana na upepeo wa ukili wa kupepelea jiko la mkaa: ni bapa, umesimama juu ya kikonyo kimoja kifupi, na una matundu matundu kama wavu. Ndani ya kila utepe wa wavu huo mna uti wa protini iitwayo gorgonini, ambao ndio unaouwezesha kuyumba na mawimbi bila kuvunjika. Juu ya uti kuna nyama laini, na katika nyama hiyo wamejipanga polipu, kila mmoja na mikono minane, wakinasa chakula kinachopita na maji. Rangi yake ya zambarau hutokana na vijiwe vidogo mno vya chokaa vilivyotapakaa ndani ya nyama, na ninavitaja mapema kwa sababu tutavihitaji tutakapofika kwenye ushahidi.

Katika miaka ya 1980 pepeo hizi zilianza kufa kwa wingi, kwanza katika pwani ya Costa Rica na baadaye Santa Marta nchini Kolombia, bila mtu kuweza kumtaja muuaji. Vifo vilirudi katikati ya miaka ya 1990, safari hii vikienea sehemu kubwa ya Karibi, na mwaka 1996 Garriet Smith na wenzake walitangaza kwamba wameotesha kuvu kutoka kwenye vidonda, wameipandikiza kwenye pepeo zenye afya, zimeugua, na kuvu ile ile imepatikana tena ndani yake. Mwaka 1998 timu iliyojumuisha David Geiser, Kim Ritchie na Smith mwenyewe ilisoma vinasaba vya kuvu hiyo na kuipa jina lake kamili: Aspergillus sydowii. Ugonjwa ukaitwa aspajilosisi.

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua jenasi la Aspergillus, hata kama hajawahi kulisikia kwa jina hilo. Ukungu unaoharibu mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na unaoacha sumukuvu ndani ya unga, ni ndugu wa karibu, Aspergillus flavus. Ndiye aliyesababisha maafa ya mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafariki. A. sydowii ni ndugu mpole zaidi. Makazi yake ya kawaida ni udongo, vumbi, nafaka na vitu vinavyooza, na mtu anayeufunua mkate wa wiki iliyopita ana nafasi nzuri ya kukutana na jamaa wa ukoo huo. Kwa hiyo habari ya kwamba kuvu ya nchi kavu inaua matumbawe chini ya bahari iliwashangaza wengi, na haki yao.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kuvu hii imehukumiwa mara mbili kwa ushahidi wa aina moja. Mara ya kwanza iliitwa muuaji, kwa sababu ilioteshwa kutoka kwenye kidonda. Mara ya pili, yeye na jamaa zake wanaoishi kwenye matumbawe wakaanza kuitwa hazina ya dawa, kwa sababu mahali walipowekwa kwenye kisahani cha maabara bakteria walishindwa kuota. Hukumu zote mbili zina ukweli ndani yake. Zote mbili pia zimeliruka swali moja, nalo ni kuvu hiyo inafanya nini ikiwa ndani ya tumbawe hai, baharini, siku ya kawaida.

Tuanze na mashtaka. Ukikitazama kidonda chenyewe kwa karibu, utaona sehemu tatu. Katikati nyama imekwisha kabisa, uti mweusi umebaki wazi, na mwani umekwisha kuota juu yake kama ukoga kwenye jino lisilosafishwa. Ukingoni kuna mstari mwembamba wa nyama inayokufa. Kisha, kulizunguka jeraha lote, kuna pete ya zambarau iliyokolea kuliko rangi ya upepeo wenyewe. Ni rahisi kuidhania pete hiyo kuwa alama ya kuvu, kumbe ni kazi ya mgonjwa. Upepeo unaposhambuliwa huongeza vijiwe vyake vya zambarau mahali pa hatari, huzungushia melanini nyuzi za kuvu zinazopenya kuelekea kwenye uti, hukusanya seli zake za ulinzi, na hutoa kimeng'enya cha kitinasi, kinachoyeyusha kitini iliyomo katika ukuta wa seli za kuvu. Zaidi ya hapo, kemikali zilizokamuliwa kutoka kwenye pepeo zenye afya zimeonekana maabara kupunguza ukuaji wa kuvu hiyo hiyo. Tumbawe lisilo na mguu wa kukimbilia limejaaliwa silaha za kutosha, na pete ile tunayoiita dalili ya ugonjwa ni ngome.

Sasa jiulize: silaha zote hizi zilikuwepo kwa ajili ya nani, ikiwa kuvu ni mgeni aliyefika jana? Swali hili ndilo lililonifanya niutilie shaka uzito wa mashtaka. Jibu lilianza kuonekana mwaka 2008, pale Carlos Toledo-Hernández na wenzake walipochunguza pepeo za Puerto Rico, wagonjwa kwa wazima, na kukuta aina nyingi za kuvu katika makundi yote mawili. A. sydowii yenyewe ilikutwa ndani ya pepeo zisizo na kidonda chochote, na haikukutwa kabisa katika zile zenye ugonjwa. Maana yake ni kwamba kuvu ilikuwa mkazi wa nyumba muda wote, na wapelelezi wa miaka ya 1990 walikuwa wamemkamata mtu aliyeonekana eneo la tukio pasipo kuuliza kama anaishi hapo. Mwaka 2012 watafiti wengine, Colleen Burge na Drew Harvell wakiwemo, walionyesha kwamba viumbe wa kundi la labirinthulomaiseti, ambao hufanana na kuvu kwa nje lakini si kuvu, nao huhusika na vidonda vya zambarau. Kidonda kimoja, watuhumiwa zaidi ya mmoja.

Suala la alikotoka nalo lilipitia misukosuko. Mwaka 2000 Eugene Shinn na wenzake walipendekeza kwamba vumbi la Sahara, ambalo kila mwaka huvuka Atlantiki kwa mamilioni ya tani, limekuwa likibeba spora za kuvu, yaani vichembe vyake vya kuzaliana, na kuzimwaga juu ya miamba ya Karibi. Ilikuwa nadharia ya kuvutia na iliyopendwa na magazeti, kwa kuwa Afrika ilikuwa imepatikana na hatia bila kupigiwa hata simu. Krystal Rypien alipochunguza sampuli za vumbi mwaka 2008, zikiwemo za Mali, hakuikuta A. sydowii, na akahitimisha kwamba vumbi la Afrika si chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli. Uchunguzi wake wa vinasaba wa mwaka huo huo ulionyesha pia kwamba kuvu zilizotolewa kwenye pepeo wagonjwa hazikujitenga na zile zilizotoka mahali pengine duniani. Zote zilikuwa za jamii moja kubwa iliyochanganyika. Matokeo haya hayakai vizuri na yale ya 1998, ambayo yalionyesha kwamba aina za nchi kavu hazikuambukiza pepeo ilhali zile za baharini ziliambukiza, na binafsi sioni sababu ya kulazimisha yapatane. Kuvu moja inaweza kubadili tabia kulingana na chakula na mazingira ilimokulia pasipo kubadili ukoo wake. Rypien na mwenzake waliongeza jambo dogo lenye uzito: konokono Cyphoma gibbosum, anayekula pepeo za bahari, anaweza kubeba spora hai tumboni na kuzitoa na kinyesi chake. Hapakuwa na haja ya kumsaka msafirishaji ng'ambo ya bahari.

Kilichobadilika katika miaka ya 1990, kwa maoni yangu, kilikuwa hali ya mwenyeji zaidi kuliko kuwasili kwa mgeni. Maabara ilionyesha kwamba A. sydowii hustawi kadiri joto linavyokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na maji ya Karibi katika miaka hiyo yalipanda mara kwa mara hadi kiwango kinacholemea tumbawe. Kwa hiyo joto lile lile lililomnyanyua mmoja lilimkandamiza mwingine. Huko Florida Keys, Kiho Kim na Harvell waliufuatilia mlipuko kwa miaka sita, kuanzia 1997 hadi 2003, na hesabu yao ilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya eneo la nyama ya pepeo lilipotea. Kisha ugonjwa ukapungua, ingawa hakuna aliyeiondoa kuvu wala aliyeipoza bahari. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba pepeo dhaifu zilikufa na zilizosalia ni zile zenye ngome imara, nazo zinaendelea kuishi na kuvu hiyo hiyo.

Uhusiano wa namna hii, wa kukaliana kwa macho makali, haukuanza na pepeo za bahari. Mwaka 1995 watafiti waliosoma tumbawe la Porites lobata kisiwani Moorea, Polinesia ya Kifaransa, walieleza jinsi kuvu zinavyoishi ndani ya mifupa ya chokaa ya tumbawe hai zikila mwani uitwao Ostreobium, ambao nao umechimba vijia humo humo. Uzi wa kuvu unapokaribia kutokeza kwenye upande wa nyama, tumbawe huuzibia kwa tabaka la chokaa juu ya tabaka, kama chaza anavyoifunika chembe inayomsumbua mpaka ikawa lulu. Kuvu hasongi mbele, tumbawe halimtoi, na wote wawili wanaendelea kukua.

Hapo ndipo habari ya bakteria inapoingia. Uso wa tumbawe umefunikwa na ute, na ute huo ni uwanja wa mapambano usiokuwa na siku ya mapumziko, kwa kuwa ni chakula kilichoandaliwa tayari na kila kijidudu kinakitaka. Kim Ritchie, aliyetajwa hapo juu katika kuitambua kuvu, alichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu tumbawe la Acropora palmata ulioonyesha kwamba ute wa tumbawe lenye afya huzuia bakteria wageni, na kwamba sehemu ya uwezo huo hutoka kwa bakteria wenyeji wanaotengeneza viuavijasumu. Wakati wa joto kali la mwaka 2005, matumbawe yalipopauka, ute ulipoteza uwezo huo na bakteria wa jenasi la Vibrio wakatawala. Kuvu inayoishi katika kitongoji cha namna hiyo haina budi kuwa na silaha yake ya kurusha. Haina kinga ya mwili, haiwezi kuhama, na majirani zake huongezeka maradufu kwa saa chache ilhali yenyewe hurefuka taratibu. Kemikali ndiyo uzio wake.

Mantiki hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyowapeleka watafiti wa dawa kwenye matumbawe. Nchini Thailand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Prince of Songkla wameotesha kuvu nyingi kutoka kwenye pepeo za jenasi la Annella na kuzipima dhidi ya vijidudu vya magonjwa, wakiwemo Staphylococcus aureus wa kawaida na wale sugu kwa antibayotiki ya methisilini, wanaojulikana kwa kifupi MRSA. Baadhi zilionyesha nguvu, na miongoni mwa kemikali zilizotengwa kutoka katika kuvu ya jenasi la Nigrospora ni deoksibostrisini, ambayo ilizuia aina zote mbili. Katika Bahari ya China Kusini, tumbawe la upepeo Dichotella gemmacea lilitoa kuvu ya Aspergillus iliyotengeneza kemikali za kundi la bisabolani, jamaa wa asidi ya sidoniki, ambayo ilipewa jina kutokana na A. sydowii mwenyewe. Nazo zilimzuia Staphylococcus aureus, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo mshtakiwa wa Karibi na mtarajiwa wa dawa wa Asia wanatumia kiwanda kinachofanana cha kemikali.

Ili uzito wa matokeo haya upimike, ni vyema kuona kazi yenyewe inavyofanyika. Mtafiti hukata kipande cha tumbawe cha ukubwa wa ukucha, hukiosha mara kadhaa kwa maji ya bahari yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, kisha hukilaza juu ya agari, uji mzito unaotokana na mwani mwekundu, uliogandishwa kwenye kisahani. Ndani ya agari hiyo ametia antibayotiki, kwa sababu bila hivyo bakteria wa kwenye ute wangekijaza kisahani chote kabla kuvu haijaamka. Mtu anayetafuta dawa mpya ya bakteria analazimika kwanza kuwanyamazisha bakteria kwa dawa ya zamani, na kwa kufanya hivyo anamwondolea kuvu yule yule adui ambaye, kwa mujibu wa nadharia yake, ndiye anayemfanya atengeneze silaha. Sijaona mahali pengine ambapo mtego wa kazi hii unaonekana wazi kuliko hapa.

Baada ya siku chache kuvu hutokeza, nyeupe kwanza kama pamba iliyochambuliwa, kisha buluu au kijani kulingana na spora zake. Mtafiti huitenga peke yake, na inapofika zamu ya kutengeneza kemikali kwa wingi, maabara nyingi huipandikiza kwenye chupa yenye mchele uliotiwa maji ya chumvi, ambamo huachwa kwa wiki kadhaa. Mchele ni chakula kizuri cha kuvu na ni rahisi kupatikana. Lakini kuvu iliyoshiba wanga ndani ya chupa tulivu, mahali penye giza, pasipo jirani, haina sababu ya kutengeneza kile inachotengeneza ndani ya nyama ya tumbawe, na wasomaji wa vinasaba wanajua kwamba kuvu hubeba maelekezo ya kemikali nyingi kuliko zile zinazoonekana maabara. Sehemu kubwa ya maelekezo hayo hubaki kimya.

Kisha hufuata kipimo chenyewe. Bakteria hutandazwa kwenye kisahani, tone la dondoo la kuvu, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwake, huwekwa katikati, na kesho yake mtafiti hutazama kama kuna duara safi kulizunguka tone. Duara hilo lina mvuto wa ajabu; nimeona watu wazima wakiita wenzao chumba cha pili waje kuliangalia. Hata hivyo duara linasema tu kwamba kitu fulani katika dondoo kimewazuia bakteria hao, kwa kiwango hicho, siku hiyo. Halisemi kama kitu hicho ni kipya, na mara nyingi si kipya, kwani kuvu za jenasi chache zinazoota kwa urahisi hutoa kemikali zile zile ambazo wengine walizitoa kwenye udongo miaka mingi iliyopita. Halisemi kama kitawadhuru watu, na hili si jambo la kupuuza, kwa sababu seli ya kuvu iko karibu zaidi na seli ya binadamu kuliko ilivyo na bakteria, na kemikali nyingi za kuvu huua seli zetu sawasawa. Wala duara lililopatikana kwa Staphylococcus haliwezi kutumiwa kuahidi chochote kuhusu Klebsiella au Acinetobacter, ambao wana utando wa pili wa nje unaozuia dawa nyingi kuingia, na ambao ndio wanaowanyima usingizi madaktari wa wodi za watoto wachanga.

Haja ya dawa mpya haina ubishi. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na mzigo mkubwa kuliko kwingineko uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Uzito wa tatizo, hata hivyo, ndio unaofanya watu walipokee kila duara kama dawa iliyokwisha kuwekwa kwenye chupa.

Mfano wa pestaloni unafundisha vizuri zaidi. Hii ni kemikali ya kuvu ya baharini ya jenasi la Pestalotia, iliyookotwa juu ya mwani wa kahawia huko Bahamas, na si juu ya tumbawe. Kuvu hiyo ilipooteshwa peke yake haikuitengeneza kemikali hiyo. Ilipooteshwa pamoja na bakteria wa baharini, ikaanza kuitoa. Timu ya William Fenical ilipotangaza matokeo mwaka 2001, nguvu iliyoripotiwa dhidi ya MRSA ilikuwa ya kustaajabisha, nanogramu 37 tu kwa kila mililita. Baadaye wanakemia walioitengeneza upya kwa mikono yao waliipima na kukuta kwamba inahitajika kwa kiwango kikubwa mara nyingi zaidi ya hicho. Wazo la kumpa kuvu jirani wa kugombana naye lilibaki kuwa la maana, wakati kemikali yenyewe ilishuka daraja.

Wapo watakaosema kwamba kwa ukali huu hakuna dawa yoyote ingepatikana, na hapo nawakumbusha, na kujikumbusha, kisa cha Cagliari. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu, profesa wa afya ya jamii kisiwani Sardinia, alichota maji ya bahari karibu na mdomo wa mfereji wa maji taka, kwa sababu alidhani kuna kitu kinachoyasafisha maji hayo, na akaotesha kuvu ambayo siku hizi huitwa Acremonium chrysogenum. Aliyoyaona kwenye kisahani chake, yaani kuzuiwa kwa bakteria wa homa ya matumbo, yalitokana hasa na kemikali iliyokuja kuitwa penisilini N. Hiyo haikuwa dawa kubwa. Kuvu ilipofika Oxford mwaka 1948, Edward Abraham na Guy Newton waliendelea kuichambua mpaka wakaikuta, ikiwa kidogo sana pembeni, sefalosporini C, ambayo nguvu yake ilikuwa hafifu lakini haikuvunjwa na kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini. Wanakemia wakaubadili muundo wake, na dawa ya kwanza ya ukoo huo, sefalotini, ikaingia sokoni mwaka 1964, miaka 19 baada ya ndoo ya Brotzu. Seftriaksoni, sindano ambayo hakuna hospitali ya wilaya ya kwetu isiyoijua, ni mjukuu wa kuvu hiyo.

Kisa hicho kinanizuia kuzidharau bisabolani za Bahari ya China Kusini kwa sababu ya udhaifu wake, kwani udhaifu wa leo si hoja ya kutosha. Kinachohitajika ni mtu wa kuuliza, kama Abraham alivyouliza, kemikali hiyo ina sifa gani ambayo nyingine hazina. Inavunjwa na nini? Inashika sehemu gani ya bakteria? Je, bakteria huchelewa kuizoea? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa kupima kipenyo cha duara.

Pwani yetu ina sababu zake za kulifuatilia jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2002 matumbawe ya jenasi la Montipora yalikufa kwa wingi katika miamba ya Kenya ndani ya kipindi kifupi, pamoja na Astreopora na Echinopora. Nyama ilififia, ikageuka rangi ya majivu, na uchunguzi kwa darubini ulikuta nyuzi za kuvu. Tim McClanahan na wenzake waliyachapisha waliyoyaona mwaka 2004. Anayekisoma kisa hicho baada ya kile cha Karibi atauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule: je, kuvu hiyo ilikuwemo pia katika Montipora zilizopona, na miamba iliyokwisha kuchoshwa na kupauka kwa mwaka 1998 ilikuwa na ngome kiasi gani iliyobaki? Na anayetaka kutafuta dawa katika matumbawe haya haya anapaswa kuanza na wale waliopona, kwa sababu ndani yao ndimo kuvu na bakteria wanapoishi kwa mapatano, na mapatano hayo yanalindwa kwa kemikali.

Kazi hiyo, kwa hatua zake za kwanza, haihitaji mashine za mamilioni. Inahitaji kipande cha nyama kitazamwe kwa darubini kabla ya kusagwa, ili ionekane kama kuvu imo kwa sura ya nyuzi zinazokua au kwa sura ya spora zilizolala, kwani spora iliyolala haitengenezi dawa wala haiui mtu. Inahitaji sehemu ya kuvu zilizopatikana ioteshwe pamoja na bakteria wa ute wa tumbawe lile lile, badala ya mchele peke yake. Na inahitaji kisahani kimoja cha ziada, ambacho wanafunzi wengi hukisahau, chenye matone ya maji ya kuoshea ya mwisho: spora za Aspergillus ziko hewani katika kila chumba, kwenye mapazia na kwenye mikono ya koti la maabara, na kuvu iliyoota kwenye tumbawe inaweza kuwa imeanguka kutoka darini. Kikiota kitu kwenye kisahani hicho cha ziada, kazi ya siku hiyo yote humwagwa, na mzamiaji hurudi baharini.